Nishike wapi? Ijumaa Kuu katika Kinama ya Bujumbura



Kwanza niondoe utata. Sisi tunaoishi hapa Gasorwe, kambi yetu tunaiita Kinama, na mtu akisema "narudi Kinama" tunajua anarudi kwenye nyumba yake ya udongo, karibu na bomba. Lakini kuna Kinama nyingine, ambayo watoto wetu wengi hawajaiona. Iko kaskazini mwa jiji la Bujumbura, jirani na Kamenge, katika tarafa ya Ntahangwa. Na ndani ya hiyo Kinama mitaa imepewa majina ya mikoa ya zamani: kuna Ngozi, kuna Gitega, Ruyigi, Bubanza, Muramvya, na kuna Muyinga. Kwa hiyo mimi nilitoka Kinama iliyo Muyinga nikaenda Muyinga iliyo Kinama. Askari wa barabarani aliyesoma karatasi yangu ya kutoka alinitazama mara mbili, akadhani ninamchezea.

Safari yenyewe niliifanya Juma Kuu la mwaka 2025. Nimechelewa kuiandika kwa sababu ina aibu yangu ndani yake. Mhariri wa gazeti letu alinisubiri bila kunisukuma, namshukuru.

Mwanzo wa jambo ni kilio. Mwezi wa pili wa mwaka ule, mama mmoja jirani yetu alipoteza mtoto wa kiume, wa darasa la tano, aliyeugua siku chache tu. Sitataja jina, mnaomjua mnamjua. Yeye mwenyewe ameniruhusu kuandika. Mimi ni mkubwa wa shirika letu, kwa hiyo matanga yale niliyaongoza mimi, sala za jioni na nyimbo. Jioni ya tatu yule mama alisema, si kwa kelele, alisema tu kama mtu anayezungumza na moto: "Kwa nini mimi? Nimekimbia na huyu mtoto mgongoni, nimevuka naye mto, nimefika naye hapa."

Nikajibu haraka. Sisi tunaoongoza sala tuna ugonjwa huo, tunaogopa kimya. Nikamwambia: "Mama, huu ni msalaba wako. Yesu naye aliubeba. Ubebe."

Hakukasirika. Aliniangalia vizuri, akaniuliza: "Sawa, baba. Na wewe umeshika wapi?"

Aliyewahi kubeba gogo au mti wa kujengea anaelewa lile swali. Mkimkuta mwenzenu na mti mzito njiani, hamumpi hotuba juu ya uzito. Unamwuliza, nishike wapi? Mbele au nyuma? Basi yule mama aliniuliza swali la kazi, swali la kawaida kabisa, nami sikuwa na jibu. Watu walinyamaza. Mimi nikafungua kitabu cha nyimbo nikaanzisha wimbo. Nilijificha ndani ya wimbo.

Mwezi uliofuata posho ikakatwa, hilo wote mnalikumbuka na sina haja ya kulieleza. Kila mtu alirudi kwenye hesabu za unga na maharage, na mimi nikajidanganya kwamba swali limesahaulika. Kumbe sivyo. Yule mama aliposikia nimepata ruhusa ya kushuka Bujumbura kufuatilia makaratasi ya shule ya binti yangu, alikuja na mfuko wa plastiki. Ndani yake mlikuwa na daftari tatu za marehemu. "Bado zina kurasa nyeupe nyingi," alisema. "Dada yangu anaishi Kinama ya Bujumbura, ana mtoto wa darasa la nne. Mpelekee aandikie." Akaongeza: "Hizi si nzito, baba." Sijui kama alikuwa anakumbusha au alikuwa anasema tu.

Njiani sitakaa sana, njia mnaijua: Muyinga, Ngozi, Kayanza, halafu baridi ya Bugarama ambapo akina mama wanaingiza karoti na kabichi kupitia dirisha la gari kabla halijasimama. Shida ilikuwa esansi. Mwaka ule mafuta yalikuwa hayapatikani Burundi nzima, magari yalilala kwenye foleni mbele ya vituo, na nauli ilikuwa ile dereva anayotamka. Nililala njiani usiku mmoja. Kutoka Bugarama unateremka tu, jiji linaonekana chini na Ziwa Tanganyika limelala kama bati, na upande wa pili milima ya kwetu. Kila Mkongomani anayeteremka pale hunyamaza kidogo. Mimi nilinyamaza hadi Kamenge.

Nilishukia karibu na hospitali ya Roi Khaled nikaenda kwa miguu. Nilitaka kupita mbele ya parokia ya Mtakatifu Guido Maria Conforti, pale Kamenge, kwa sababu ya masista watatu. Wasomaji wa Bukavu na Uvira watawakumbuka: Sista Olga Raschietti, Sista Lucia Pulici na Sista Bernardetta Boggian, wa shirika la Waksaveri kutoka Italia. Kabla ya kuja Burundi walikuwa wamefanya kazi Kongo miaka mingi. Tarehe 7 Septemba 2014 wawili wao waliuawa ndani ya nyumba yao pale Kamenge, na wa tatu usiku wa siku hiyohiyo. Walikuwa wazee, mkubwa wao alikuwa amepita miaka 80. Wamezikwa Bukavu. Wakati ule watu wengi waliuliza, wazee kama hawa walikuwa wanatafuta nini Kamenge, si wangerudi kwao wapumzike? Hilo swali nililisimamia kidogo pale kwenye ukuta. Halafu mvulana wa taksi ya baiskeli akaniita, nikapanda.

Kinama si mahali pa kupigwa picha za kalenda. Ni nyumba za matofali na mabati zilizobanana, njia za vumbi ambazo mvua ya mwezi wa nne inazigeuza tope, baiskeli, vibanda vya kunyoa, akina mama wanaouza ndagala na lengalenga kwenye sinia, watoto wengi kupita hesabu. Utasikia Kirundi, na Kiswahili pia utakisikia, maana mitaa hii ya kaskazini Kiswahili hakikosekani, na siku hizi kimeongezwa na watu wetu. Wakongomani wasiokaa kambini wengi wamepanga huko, Kinama, Kamenge, Buterere. Hawapati posho kama sisi, na sisi hatuna mji kama wao. Kila mmoja anamwonea wivu mwenzake bila sababu nzuri.

Dada wa yule mama anapanga chumba kimoja ndani ya ua wa bibi mmoja Mrundi. Nilipompa zile daftari hakuzifungua. Alizishika juu ya kifua, akaniambia "karibu baba, kaa", akaingia ndani, akakaa huko muda. Yule bibi mwenye nyumba ndiye aliyenipa maji ya kunywa. Aliniuliza ninatoka wapi. Nikasema Kinama. Akacheka sana.

Basi nieleze habari za huyu bibi, kwa sababu yeye ndiye aliyenifundisha, ingawa hajui. Si mtakatifu. Anagombana na wapangaji juu ya bili ya maji kila mwezi, na mtoto akimwaga maji kwenye bomba la ua atasikia mpaka jirani wa tatu. Lakini dada yule alikuwa na deni la kodi ya miezi miwili na hakuwa amefukuzwa. Nilimwuliza bibi kwa nini. Alinijibu kwa kunihesabia miaka.

Mwaka 1995, vita vilipoipiga mitaa ya kaskazini ya Bujumbura, alikimbia na wanawe wawili kuvuka mpaka kwenda Zaire, upande wa Uvira. Walikuwa maelfu kwa maelfu kwenye makambi ya uwanda wa Rusizi. Kabla ya kupata hema, mama mmoja wa Kiliba, pale penye kiwanda cha sukari, aliwapa jiko lake kulala, na muhogo. "Alikuwa maskini kuliko mimi," bibi alisema. Mwezi wa kumi 1996 vita vikaingia na huko Uvira, makambi yakavunjika, wakarudi Burundi mbio. Yule mama wa Kiliba hajawahi kumwona tena.

Halafu usiku wa kuamkia tarehe 25 Februari 2001, waasi wa FNL waliingia Kinama. Siku zilezile wakubwa wa nchi walikuwa wanakutana Arusha na Mzee Mandela juu ya amani. Mapigano ndani ya mtaa yalidumu karibu wiki mbili hadi jeshi lilipourudisha, na watu makumi ya maelfu walikimbia na magodoro kichwani kwenda mitaa mingine ya jiji lilelile. Fikiri, kuwa mkimbizi mahali ambapo unaona bati la nyumba yako kwa mbali! Aliporudi alikuta mlango umeng'olewa, sufuria hakuna, hata mti wa mpapai umekatwa. Mwanawe mmoja hakurudi. Hilo alilisema kwa maneno hayohayo matatu, "hakurudi, mmoja, hakurudi," halafu akaomba mtoto amletee kiti kingine.

Mimi nikafungua mdomo nimwambie neno. Neno lenyewe mnalijua. Nikaufunga.

Kesho yake ilikuwa Ijumaa Kuu, tarehe 18 Aprili. Ndugu zetu wa Pentekoste na wa makanisa mengine wasio na desturi ya Njia ya Msalaba wanivumilie nieleze kidogo. Ni sala ya kutembea. Wakristo wanafuata njia ya Yesu kutoka kwa Pilato hadi kaburini, wanasimama vituo 14, na hiyo idadi ya 14 ilithibitishwa na Papa Klementi wa XII mwaka 1731. Mambo mengine ya vituo hivyo yamo katika Injili, mengine ni mapokeo tu. Veronika, kwa mfano, anayempangusa Yesu uso, hayumo katika Injili hata moja. Nimefundisha katekisimu miaka mingi na bado kuna watu wanaonibishia hilo. Wakatafute.

Tulianza saa sita, jua kali baada ya mvua ya usiku, tope hadi kwenye vifundo. Msalaba ulikuwa miti miwili ya mkaratusi, mbichi bado, imefungwa kwa kamba. Mbichi maana yake nzito. Kila kituo kikundi kingine kilipokea: akina baba, vijana, akina mama, wanakwaya. Tulipita kwenye vibanda, tukapita karibu na soko, na muuza mitumba mmoja alishusha redio yake hadi tulipopita halafu akaipandisha. Kwenye mlango wa duka moja kijana Mwislamu aliyevaa kofia yake ya Ijumaa alikuwa ametoa ndoo ya maji na kikombe kwa yeyote mwenye kiu. Hakusema kitu. Nilikunywa.

Kwenye kila kituo kiongozi alitaja watu. Yesu anahukumiwa, tuwaombee walio gerezani bila kesi. Yesu anakutana na mama yake, tuwaombee akina mama waliozika. Pale dada wa jirani yangu alijifunika kitenge uso mzima.

Kituo cha tano ni cha Simoni wa Kirene. Kiongozi akasema kwa Kirundi, halafu akarudia kwa Kiswahili ili tuelewe: Kirene iko katika Libya ya leo. Yaani aliyesaidiwa kutafutwa kumbebea Yesu alitoka upande wetu huu wa Afrika, alikuwa mtu wa kuja. Injili inasema alikuwa anatoka shamba, anapita zake, askari wakamkamata wakamlazimisha. Hakujitolea. Hakumjua huyo mhukumiwa. Labda alikuwa na haraka, labda alikuwa na mzigo wake. Marko anataja hata wanawe, Aleksanda na Rufo, na mimi huwa nawaza wale watoto walivyomsubiri baba siku ile amechelewa na nguo zina damu. "Basi," kiongozi akasema, "kituo hiki wabebe wageni."

Wakasukumwa mbele vijana wawili waliotoka Bukavu, waliovuka mwezi wa pili baada ya mji kuchukuliwa na M23. Mnakumbuka walivyokuja wakati ule, zaidi ya watu 60,000 ndani ya miezi michache, wengine wakiogelea Rusizi, wengine mto ukawabeba. Halafu mkono mmoja ukanisukuma na mimi mgongoni. Nikageuka, ni yule bibi, amevua viatu ameviweka kwenye kapu.

Vijana walikuwa wameshika kichwa cha msalaba. Mimi nikaenda mbele nao, nadhani kwa mazoea ya kuongoza. Bibi akanivuta shati. "Huko wapo," akasema. "Shika mkia. Mkia ndio unaokwaruza chini."

Ni kweli. Waliotangulia walikuwa wanauburuza, na mkia ulipokwama kwenye tope au jiwe, pigo lote lilipanda hadi begani kwa aliye mbele. Niliinama nikaushika. Ulikuwa umejaa matope na mkono uliteleza. Hakuna anayekuona kule nyuma, na wewe hauoni mbele, unaona visigino vya watu tu. Lakini mara moja nilisikia kijana wa mbele akipumua. Luka anaandika kwamba Simoni aliubeba nyuma ya Yesu. Nimesoma mstari huo pengine mara mia, na sikuwahi kuuliza nyuma ni wapi.

Tulitembea hivyo labda mita mia mbili. Sitawadanganya kwamba niliona maono. Nilikuwa nafikiria kiuno changu. Lakini swali la jirani yangu lilikuwa limefika pale kabla yangu, linanisubiri.

Naomba niseme wazi ninavyofikiri, na asiyekubali anijibu katika gazeti hili. Sisi wa kambini tumezoea kulitumia neno msalaba vibaya. Mwanamke anapigwa na mumewe, tunamwambia beba msalaba wako. Familia imekaa miaka ishirini bila kujua kesho, tunasema ni msalaba. Mtoto amekufa, msalaba. Kana kwamba ule msalaba ulianguka kutoka mbinguni kama mvua! Msalaba wa Yesu ulichongwa na fundi, ukaamriwa na liwali aliyenawa mikono, ukasimamishwa na askari waliolipwa mshahara. Ulikuwa kazi ya watu. Anayemwambia mwenzake aubebe na kunyamaza, mara nyingi anamsaidia yule liwali. Warundi wakimfariji aliyefiwa wanasema "ihangane", yaani vumilia, na sisi tunasema pole. Ni maneno mazuri, ila nimeona kwamba yanategemea mtu ameyasemea wapi: amesimama mlangoni, au ameketi chini kwenye mkeka.

Kwangu mimi imani ya Ijumaa Kuu ni kwamba Mungu hakutuma maelezo. Alikuja akashika. Kwa nini kuna mateso, Injili haielezi, hata Yesu mwenyewe aliuliza kwa nini akiwa juu yake. Aliuliza swali la jirani yangu. Na kama yeye aliuliza, mimi nilikuwa nani kumkataza mama yule asiulize?

Wapo waliolielewa hili kwa vitendo katika nchi hii hii iliyotupokea. Seminari ndogo ya Buta, kusini mwa Burundi, tarehe 30 Aprili 1997 alfajiri, wenye silaha waliwaamrisha wanafunzi watengane, Wahutu huku, Watutsi kule. Wakakataa kutengana. Vijana 40 waliuawa. Tangu mwaka 2019 Kanisa la Burundi limeanza rasmi kazi ya kuomba watangazwe wenye heri pamoja na wengine. Wale vijana hawakuwa na hotuba. Walishikana tu. Na wale masista watatu wa Kamenge niliosimama kwenye ukuta wao, nadhani walikuwa Kamenge kwa sababu hiyohiyo, mkono ulikuwa umeshashika.

Nirudi Kinama. Kituo cha mwisho kilikuwa mbele ya kanisa. Msalaba ukalazwa chini, na watu wakaanza kuweka vitu pembeni yake kwa ajili ya wageni waliovuka Rusizi, waliokuwa wamejaa Rugombo na wengine wameshapelekwa Musenyi. Sabuni, unga, nguo za watoto, sufuria isiyo na mfuniko. Sikuwa nimejiandaa, nilikuwa na franka za kurudi tu. Niliweka kidogo, na nakiri nilihesabu kwanza. Yule bibi aliweka kipande cha sabuni ya kufulia kilichokatwa nusu kwa kisu. Nusu nyingine nilikuwa nimeiona asubuhi pale kwenye bomba la ua.

Sikukuu yenyewe ya Pasaka niliila kwao, ugali wa muhogo na ndagala, na kila mmoja alimsukumia mwenzake sahani. Jumatatu makaratasi ya binti yangu hayakupatikana, ofisi zilikuwa zimefungwa, ikabidi nikae hadi Jumatano, na hata hiyo Jumatano nilipewa tarehe nyingine. Hayo tuyaache.

Asubuhi ya kuondoka, dada wa jirani yangu alinipa ule mfuko wa plastiki urudi nao. Nikamwambia, lakini mama, daftari ni za mtoto wako. Akasema fungua. Mtoto wake alikuwa amekata kurasa zote nyeupe, taratibu, kwa wembe, amezichukua. Kurasa zilizoandikwa, hesabu na imla na ramani ya Burundi iliyopakwa rangi ya kijani, alikuwa amezipanga vizuri, mama yake akazishona kwa uzi mweusi pembeni kama kitabu. Juu waliweka karatasi ya kalenda iwe jalada.

Nilifika kambini Alhamisi jioni. Sikupita kwangu. Nilikwenda kwa jirani, nikamkuta anachambua maharage kwenye ungo. Nikampa. Alifungua ukurasa wa kwanza, akafunga, akakiweka kitabu kwenye mapaja. Nami nikaketi chini kwenye mkeka. Nilikuwa nimetunga maneno tangu Kayanza, ya kuomba msamaha, mengi na mazuri. Nikayaona hayafai. Nikamwuliza tu: "Mama, nishike wapi?"

Alikaa kimya muda mrefu. Halafu akasema, "Jumamosi ni siku ya kwenda kuni. Sijaenda tangu afe. Alikuwa ananisindikiza yeye."

Basi nikawa naenda. Mwanzo watu walicheka, mkubwa wa shirika na kuni kichwani. Sasa tuko sita au saba tunaokwenda naye, wawili ni Waislamu, mmoja ni yule kijana wa kinyozi ambaye hasali popote. Jumamosi nyingine hatuongei lolote njia nzima. Nyingine anatusimulia habari za mtoto, jinsi alivyoogopa bata.

Kutoka Kinama ile kwenda Kinama hii mfuko haujakoma. Kila mwenye ruhusa ya kushuka Bujumbura hubeba kitu, na anayepanda huleta kitu. Mwezi huu jirani yetu ana maharage kilo mbili na kitenge kimoja cha kumpelekea dada yake, na mimi nimeongeza sabuni mche mmoja kwa yule bibi. Anatafutwa mtu mwenye karatasi ya kutoka kabla ya tarehe 25. Aulize kwangu, mlango wa pili baada ya bomba, au amwone mama mwenyewe. Mzigo si mzito.